Okidi ya Ilazo: ihamishwe Agosti au isubiri?

Okidi ikianza kukunjamana majani, kila anayeingia sebuleni ana ushauri, na ushauri wa kwanza karibu siku zote ni ule ule: chungu kimekuwa kidogo, ihamishe. Kisa ninachokichambua hapa ni cha okidi moja iliyoko Ilazo, Dodoma. Mwezi Agosti ilikuwa na maua saba yaliyofunguka, matumba matatu, na majani mawili ya chini yaliyolegea na kujaa mikunjo. Mwenyewe ni dada mtumishi aliyehamia huku na wizara yake. Aliniita nimsaidie kuamua jambo moja tu: ahamishe sasa au asubiri.

Ninaliandika kwa urefu kwa sababu maelekezo mengi ya okidi yametungwa na watu wanaoishi kwenye hewa yenye unyevu, au kwenye nchi za baridi ambako nyumba hupashwa joto. Sisi tuko juu ya uwanda wa mita 1,100 hivi, mvua inaanza Desemba na kuishia Aprili, na kuanzia Mei hadi Novemba unaweza usione tone. Mtu akifuata kalenda ya kwingine hapa Dodoma, mmea unalipa.

Okidi yenyewe ni Phalaenopsis, ile yenye majani mapana manene na kikonyo kirefu cha maua yanayodumu miezi. Kwao ni misitu ya joto ya Asia ya Kusini-Mashariki, Ufilipino na Indonesia zikiwemo, ambako inaota juu ya miti. Haimnyonyi mwenyeji wake. Inashika gome tu, inakunywa mvua inayopita, kisha hewa inaikausha mizizi. Hilo la mizizi kulowa na kukauka ndilo la kushika, maana uamuzi wote wa chungu unatoka hapo.

Dada aliinunua Dar es Salaam mwezi Aprili ikiwa haina hata ua, akapanda nayo treni ya SGR akiwa ameipakata. Akaiweka karibu na dirisha la mashariki, ndani ya chungu kizuri cha kauri kisicho na tundu, na ndani ya hicho likabaki kopo la plastiki angavu ililotoka nalo kitaluni. Usiku wa Juni na Julai hapa hushuka hadi nyuzi 13 au 14 nje, na hata ndani ya nyumba ubaridi unaingia. Ubaridi wa namna hiyo ndio unaoiambia Phalaenopsis itoe kikonyo. Kwa hiyo kuchanua kwake Agosti hakukuwa muujiza, na wala si ushahidi kwamba mmea ulikuwa na afya. Mmea wenye mizizi mibovu nao huchanua.

Kumwagilia: kikombe kimoja cha maji ya bomba kila baada ya siku mbili, kwa sababu kila alipogusa magome ya juu aliyakuta makavu.

Kijana anayemtunzia bustani alikuwa ameshatoa hukumu yake. Mizizi minne ilikuwa imetoka nje ya kopo na kuning'inia. "Mama, huyu amebanwa," alimwambia. "Tumpe ndoo kubwa, udongo, mchanga kidogo na samadi." Huyu si mtu wa kubahatisha. Bustani yake ya nje inastawi hata Septemba, na kwao ni Makete, wilaya yenye sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ambako okidi zinaota ardhini kwa maelfu na viazi vyake vimechimbwa miaka mingi kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo, na kuuzwa hadi Zambia. Aliziona okidi kwenye udongo tangu utotoni. Anachosema ni kweli kabisa kwa okidi za Kitulo, ambazo hujificha chini kwenye kiazi wakati wa kiangazi na kuchipua mvua zikirudi. Phalaenopsis haina kiazi wala akiba yoyote chini. Ukiizika mizizi yake kwenye udongo na samadi, inakosa hewa na kuoza ndani ya wiki chache.

Kuna dalili zilizokuwa zinasukuma watu wote upande wa kuhamisha, ambazo kwa maoni yangu hazikupaswa kuwa na uzito huo. Ya kwanza ni hiyo mizizi ya nje. Phalaenopsis hutoa mizizi hewani hata ikiwa na nafasi tele chini. Ni tabia yake ya mtini. Mizizi hiyo minne ilikuwa minene, ya rangi ya fedha, na ukiidondoshea maji inageuka kijani mbele ya macho yako, kwa sababu tabaka lake la nje linanyonya maji na kuruhusu kijani kilicho ndani kionekane. Mizizi ya namna hiyo inasema mmea uko hai, na habari za ukubwa wa chungu haina. Ya pili ni majani mawili ya chini kuwa na mikunjo. Hapo ndipo wengi wanapoangukia, maana jani linakunjamana kwa kiu, na kiu ina njia mbili: maji hayapo, au maji yapo lakini mizizi ya kuyanywa imekufa. Jani halikwambii ni ipi kati ya hizo mbili. Ukiongeza maji kwenye ile ya pili, unaharakisha msiba.

Dalili iliyonitia wasiwasi hakuna aliyeitaja. Nilipoushika mmea chini ya majani na kuutikisa taratibu, uliyumba. Okidi yenye mizizi imara imejifunga kwenye magome yake. Ukiisukuma, kopo zima linasogea nayo.

Tukalitoa kopo kwenye chungu cha kauri. Chini ya chungu kulikuwa na maji yamesimama, kina cha vidole viwili. Tukaliinua kopo mbele ya dirisha, na hapa ndipo plastiki angavu inapolipa gharama yake: pembeni mwa kopo tuliona mizizi saba minene, ya kijani, iliyokuwa imejibana kwenye ukuta wa plastiki kuliko na hewa. Katikati palikuwa na kiza. Nikaubonyeza mzizi mmoja uliokuwa umetokeza kwenye tundu la chini, wa kahawia. Ulikuwa laini na una maji ndani. Nilipouvuta kwa ncha za vidole, ngozi yote ilichomoka na kubaki uzi mwembamba mgumu wa katikati. Mzizi ukifanya hivyo umeshakufa, hauna mjadala. Mzizi mzima hauvuliki ngozi, na ukiukata ndani ni mweupe na mgumu. Harufu nayo ilitujia, nzito kama ya mtaro uliolala siku nyingi.

Kiza cha katikati kilikuwa bonge la mosi (moss), vijimea laini vinavyonyonya maji kama sifongo. Vitalu huanzisha miche midogo kwenye mosi mkavu uliolowekwa, kwa sababu unashika unyevu na mche hauna uwezo wa kuvumilia kiu. Mche ukikua unahamishiwa kwenye magome pamoja na bonge lake lile lile, na mnunuzi haoni kitu; juu ni magome matupu. Katika sebule ya Dodoma mwezi Agosti, magome ya juu yanakauka kwa siku moja huku bonge la katikati likikaa limelowa wiki nzima. Dada alipogusa juu alikuta pakavu, akamwagilia, maji yakashuka kwenye bonge ambalo halijawahi kukauka, na yaliyozidi yakasimama kwenye kauri. Mkono wake ulikuwa unasoma sehemu isiyohusika.

Juu ya vipande vya magome kulikuwa pia na ukoko mweupe, na kwenye ukingo wa kopo vilevile. Kila mwenye birika la umeme hapa mjini anaujua. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dodoma hutoka visima virefu vya bonde la Makutupora, upande wa Mzakwe, na maji ya chini ya ardhi ya huku yamebeba madini ya kutosha. Mtu anayakunywa bila shida, lakini mizizi ya okidi imezoea maji ya mvua, na chumvi ikijikusanya kwenye magome huunguza ncha za mizizi. Ukoko huo peke yake ungekuwa sababu ya kubadilisha magome mapema kuliko ile miaka miwili ambayo watu huizungumzia.

Sasa uamuzi. Mimi huwa natenganisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: kilichomo ndani ya kopo kinafaa kuendelea kukaa na mmea? La pili: mmea ukiguswa leo, una uwezo wa kuotesha mizizi mipya? La kwanza linasema kama kuna haja ya kuhamisha. La pili linasema lini. Ukubwa wa kopo hauko kwenye swali lolote kati ya hayo, na kwa okidi hii haukuwa na umuhimu wowote.

Jibu la kwanza lilikuwa wazi: hapana, bonge lile halifai. Jibu la pili nalo lilikuwa hapana, na ndiyo maana kisa hiki kikawa kigumu. Nilikagua ncha ya kila mzizi niliouona. Mzizi unaokua una ncha inayong'aa, ya kijani au yenye wekundu wa zambarau, sentimita moja au mbili. Hii yote ilikuwa na rangi ya fedha mpaka mwisho, ncha zimefungwa. Mmea ulikuwa umelala kwa upande wa mizizi, na nguvu zake zote ziko kwenye maua. Kuhamisha, hata kwa mkono mwepesi, huvunja mizizi kadhaa. Mmea unaoamka hufidia ndani ya wiki chache. Uliolala unabaki bila ulichopoteza mpaka msimu ubadilike. Juu ya hapo kulikuwa na upepo wa Agosti, ule wa vumbi unaokausha nguo nzito kabla ya saa sita, na maua saba yanayopoteza maji usiku na mchana.

Nilimwambia wazi: "Dada, ningekuta mizizi iliyo hai haifiki nusu, au shina chini ya majani ni laini, tungekikata hiki kikonyo sasa hivi, maua tukayatia kwenye chombo cha maji, na tukahamisha leo leo bila kujali msimu." Uozo ukishapanda kwenye shina hakuna kalenda ya kuheshimu. Lakini shina lilikuwa gumu na la kijani, mizizi saba pembeni ilikuwa mizima, na minne ya hewani ikawa ya kumi na moja. Mizizi mifu tuliyoweza kuihesabu ilikuwa mitano. Mmea ulikuwa na uwezo wa kungoja, mradi tuondoe kinachooza.

Kwa hiyo hatukuhamisha, na hatukuuacha ulivyo. Tulilikata kopo kwa wembe chini, katikati, tukapata tundu la upana wa vidole vitatu. Kwa kibanio tulivuta mosi kidogo kidogo kutokea chini, bila kugusa mizizi iliyoshika ukuta. Bonge lilitoka vipande vipande, leusi katikati, likichuruzika maji. Mizizi mifu iliyofuatana nalo tuliikata kwa mkasi uliofutwa na spiriti. Uwazi uliobaki tuliushikiza kwa vipande viwili vya mkaa uliooshwa, ili magome yasiporomoke huku hewa ikipita. Kazi yote ilichukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Hakuna ua lililoanguka siku hiyo.

Kisha tulibadilisha kumwagilia. Chungu cha kauri kikawekwa kando. Kopo likawa linatumbukizwa kwenye beseni dakika 15 hivi, linachuruzishwa mpaka tone la mwisho, halafu halipewi maji tena mpaka mizizi ya ukutani itoke kijani na kuwa fedha. Maji yalikuwa ya mvua, mabaki ya Aprili kwenye simtanki; kwa okidi moja hata ndoo chache zinavuka kiangazi. Na mmea ulisogezwa ndani kidogo, mbali na dirisha linalofunguliwa mchana. Kunyunyizia majani nilimkataza. Kwa ukavu wetu, faida yake inaisha ndani ya dakika chache, na maji yakituama kwenye moyo wa mmea, pale jani jipya linapotokea, yanauozesha.

Kijana wa bustani alikuwepo muda wote, na aliuliza swali zuri kuliko yote ya siku hiyo: kama huko kwao inaota juu ya miti, kwa nini tusiifunge kwenye gogo tu? Nilimjibu, "Mdogo wangu, pwani ningekubali." Kwenye gogo, sebule ya Dodoma, ingehitaji maji mara mbili kwa siku kuanzia Julai mpaka Novemba, na siku moja ya kusahau ingeonekana. Wazo lake linaifaa zaidi Ansellia, ile okidi ya madoa ya chui inayoota yenyewe kwenye miti ya nyanda zetu kavu. Hiyo ina mashina manene yenye akiba na inavumilia kiangazi. Ila isikwanguliwe porini. Okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na Ansellia iliyong'olewa kwenye mti wake mara nyingi haiponi.

Septemba matumba mawili kati ya matatu yalikauka na kudondoka. Nilitegemea hivyo, mmea wenye mizizi pungufu katika hewa ile huacha kwanza kile ambacho haujakimaliza. Maua yaliyofunguka yalifika Oktoba. Yalipoisha, kikonyo kilikatwa chini kabisa. Wapo wanaokata juu ya kifundo ili kitoe tawi jingine la maua, na hilo hufanikiwa, lakini kwa mmea unaotoka kwenye ugonjwa naliona ni kuudai mara ya pili.

Katikati ya Novemba dada alinitumia picha. Mizizi miwili ya hewani ilikuwa imefungua ncha, za kijani, kama sentimita moja, na chini ya jani la mwisho kulikuwa na uvimbe mdogo unaopasua ngozi ya shina: mzizi mpya. Aliandika, "Mvua bado haijaja, si tungoje?" Hapa kulikuwa na mvutano wa kweli, kwa sababu mwenyewe nilikuwa nimemwambia Agosti kwamba unyevu wa Desemba utatusaidia. Lakini ncha hizo zikiachwa zifike sentimita tano zinakuwa ndefu na tete, zinakatika kwa kuguswa tu, na unapoteza kile kile ulichokingojea. Kati ya kalenda ya mvua na kalenda ya mizizi, nafuata ya mizizi. Ikiota mapema kidogo, joto la Novemba linaisukuma, na mvua itaikuta njiani. Tulihamisha wiki hiyo.

Kopo lilibaki la upana ule ule, sentimita 12. Mizizi ilikuwa imepungua, na chombo kikubwa kingeacha magome mengi yaliyolowa bila mzizi wa kuyanywa. Najua wapo wanaofikiri kwamba kwa ukavu wetu chungu kikubwa ni akiba ya maji. Akiba iwekwe kwenye mchanganyiko, si kwenye ukubwa. Tulitumia magome ya paini tuliyookota kwa wauza mbao. Mbao nyingi za paini hapa zinatoka Sao Hill, Mufindi, na vipande vya gome hubaki vimeng'ang'ania pembeni. Kijana aliyapasua ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, akayaloweka usiku kucha. Hiyo ilikuwa nusu. Nusu nyingine tuligawa kati ya mkaa uliopondwa na kuoshwa vumbi, na makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande. Makumbi yaloweke na kubadilishiwa maji mara kadhaa kabla ya kutumika, maana ya pwani mara nyingi yana chumvi, na chumvi tulikuwa nayo ya kutosha. Makumbi ndiyo yanayoshika unyevu Dodoma bila kugeuka tope. Kama ningekuwa Tanga ningeyapunguza.

Mizizi ya hewani tuliiacha nje. Imeumbika kwa hewa, na ukiilazimisha kuingia kopo inakatika au inaoza. Kijiti cha mwanzi kilifungwa kuzuia mmea usiyumbe, kwa sababu ncha changa zinazosuguana na magome hazishiki. Maji ya kwanza yalitolewa baada ya siku nne, majeraha yakiwa yamekauka. Mbolea haikuwekwa mpaka Januari, na hapo robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Februari kulikuwa na jani jipya, gumu, lisilo na mkunjo, na mizizi mitatu mipya imeshafika ukuta wa kopo. Jani moja la zamani liligeuka njano na kuanguka. Lingine bado lina mikunjo yake na litabaki nayo, kwani jani lililokunjamana kwa muda mrefu halirudi laini. Kupona kunapimwa kwa jani jipya.

Kwa yeyote anayenunua okidi iliyochanua, iwe Dar au kwenye mabanda ya Nanenane pale Nzuguni, kabla hata hujafikiria chungu, ingiza kidole katikati ya magome siku hiyo hiyo. Ukikuta mosi, mwagilia kwa kufuata katikati, si juu, na maua yakiisha kagua ncha za mizizi kila wiki kuanzia Oktoba. Dada wa Ilazo ameshaandika Novemba ijayo kwenye kalenda ya jikoni. Siku hiyo ataangalia ukoko wa chumvi na kubonyeza magome. Yakivunjika kwa vidole, yanabadilishwa, na yakiwa bado magumu yanabaki mwaka mwingine.